Nane Nane tulivuka Rusumo kwenda harusi ya mshikaji Kigali: barabara, gusaba (posa ya Kinyarwanda) na soda moja

Mtu wa Igoma

Wakuu, heshima kwenu.

Nina mshikaji wangu Mnyarwanda, tulisoma wote chuo Dar na tukakaa chumba kimoja hosteli. Mwezi wa tano akanipigia simu: anaoa Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2025, Kigali, na ananitaka niwe kwenye msafara wake, siyo mgeni wa kukaa viti vya nyuma. Kuangalia kalenda, Nane Nane inaangukia Ijumaa. Nikaona serikali yenyewe imeshanipa ruhusa.

Humu ndani mtu akiulizia Kigali anaambiwa panda ndege Dar. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa hiyo ni kurudi nyuma ili uende mbele. Kwa hiyo uzi huu ni wa wenye kwenda kwa barabara, na zaidi ni wa wale watakaoalikwa harusi ya kule siku moja, maana usipoandaliwa utashangaa. Habari za usafi wa Kigali sigusi, nyuzi zake zimejaa.

Tulikuwa wanne kwenye gari la mmoja wetu, wote wa kundi lile lile la chuo. Tukatoka Mwanza Ijumaa saa kumi alfajiri. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa Juni. Aliyewahi kukaa foleni ya kivuko pale usiku haitaji maelezo: yale maji unayakata kabla wimbo mmoja haujaisha, halafu unajikuta unatafuta foleni iko wapi. Sengerema, Geita, Bwanga, chai tukanywa Biharamulo. Lile pori ambalo zamani mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi wenye silaha tumelipita watu wamelala.

Shida ni Lusahunga mpaka Rusumo. Kilomita 92 tu, lakini ndiyo njia ya makontena yote ya bandari ya Dar yanayokwenda Rwanda na kwa majirani zake. Lori linapanda kilima mwendo wa bibi kizee, mbele yake kuna jingine, na mbele ya hilo kuna lililoharibika limewekewa matawi barabarani. Hapo usitafute ushujaa.

Nyaraka: pasipoti (hata ile hati ya dharura ya kusafiria inapita), leseni, kadi ya gari, na barua ya mwenye gari kama siyo lako. Kikubwa ni bima ya gari ya kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 ila kwenye kadi ya njano tumebaki, na bila hiyo gari haliendi popote. Viza hatulipi, sisi ni Afrika Mashariki.

Pale Rusumo unavuka daraja la Kagera kwanza, maji ya kahawia yanaunguruma pembeni, ndipo unashuka upande wa pili. Jengo ni moja: dirisha hili afisa wa kwetu anakugongea kutoka, linalofuata Mnyarwanda anakugongea kuingia. Mizigo ikapekuliwa kwa adabu kabisa. Mmoja wetu alikuwa na karanga kwenye vile vifuko vya nailoni laini. Yule dada wa forodha akazimimina zote kwenye gazeti, akamkabidhi mwenyewe, nailoni akabaki nazo. Wenzetu walipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, sisi tumeanza 2019, na bado wauza karanga hatujawafikia.

Ukitoka getini unahamia kulia. Usukani wetu uko kulia pia, kwa hiyo dereva yuko ukingoni, haoni kinachokuja. Aliyekaa mbele kushoto ndiye anaongoza: "pita... hapana, rudi, rudi." Saa nayo inarudi nyuma saa moja. Na kuna kamera za mwendo ambazo wenyeji wamezipachika jina Sofia. Sehemu kubwa ni 60. Sofia hana msalie mtume wala hajui wewe ni mgeni.

Naendelea, ngoja nipate ugali.

Shangazi wa Nyegezi

Kiti cha mbele nimeshakaa. Ila mwanangu fanya haraka ufike kwenye harusi, habari za malori tunazijua.

Ngara Kwetu

Mkuu umepita Benako, kwetu Ngara, bila kusalimia, umetukosea Wahangaza. Sisi tukifika kule hatuhitaji mkalimani, Kihangaza na lugha yao ni ndugu, unasikia watu wanasengenya na unaelewa kila kitu.

Hilo daraja unalolitaja kwa wepesi sisi tunalikumbuka vingine. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, walivuka wakimbizi wa Rwanda kama robo milioni ndani ya siku moja tu. Nilikuwa mdogo. Mashamba yetu yote yakawa mahema. Leo vijana wanavuka hapo na suti zimetundikwa dirishani wanaenda harusini, na mimi nafurahi kweli, ila huwa siwezi kupita bila kutazama chini.

Kijana wa Buza

Kwa sisi wa Dar je? Basi linafaa kwa wikiendi ndefu?

Konda Mstaafu

@Kijana wa Buza mabasi yapo ya moja kwa moja, ila hesabu: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, ni zaidi ya siku nzima kwenye kiti. Ukitoka Alhamisi jioni utafika wanakata keki, ukigeuza tu Jumatatu bosi anakusubiri. Kama huna siku za likizo za kuongezea, panda ndege, RwandAir inaruka Dar–Kigali bila kupitia kwingine. Mimi barabara nimeila miaka mingi na ninakwambia hivyo.

Mtu wa Igoma

Tuendelee.

Tumefika Kigali mchana umekwisha, tukapokelewa kwa binamu yake bwana harusi, Kimironko. Kumbe ndoa yenyewe kisheria ilishafungwa jana yake, Alhamisi, ofisi ya serikali ya eneo lao. Kule ya serikali huwa inatangulia, kanisani ni baadaye. Tukaonyeshwa video kwenye simu: wamesimama jozi nyingi kwenye ukumbi mmoja, kila jozi inaitwa, wanashika bendera ya taifa kwa mkono mmoja, mwingine wanauinua, wanaapa.

Sasa kilichotukalisha chini ni hiki. Kabla ya kuapa mnatakiwa mseme mali zenu zitakuwaje, na mnatamka mbele ya watu. Kuna njia tatu: kuchanganya kila kitu, chako na changu, vya zamani na vijavyo, au mnachanganya mtakavyochuma pamoja na vile mnavyoviorodhesha, vilivyobaki kila mtu na chake, au mnatenganisha kabisa. Mshikaji na mkewe wamechagua kuchanganya kila kitu. Binamu akatuambia watu wengi wanachagua hiyo kwa sababu ukitamka nyingine ukumbi mzima unageuza shingo.

Bujora

Yaani nasimama mbele ya mama mkwe natangaza nyumba yangu ya Usagara siichanganyi? Hiyo ndoa inaisha kabla ya kuanza.

Shangazi wa Nyegezi

@Bujora ndiyo ujue kabla! Huku mnakaa kimya mnaitana mpenzi, siku ya kuachana mwanaume anasema kila tofali lake. Bora hao wanaosema mchana kweupe.

Kijana wa Buza

Dada, na mwanamke aliyeingia na begi la nguo naye anachanganya nini?

Shangazi wa Nyegezi

Anachanganya miaka yake, mdogo wangu. Miaka haina hati.

Wakili wa Mtaani

Niwaweke sawa kwa upande wetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikulazimishi kuchagua chochote siku ya harusi. Kifungu cha 58 kinasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki, chako kinabaki chako isipokuwa mmekubaliana vingine. Ngoma inakuja mkiachana: kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mlichochuma kwa jitihada za pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja.

Na @Kijana wa Buza, begi la nguo lilishajibiwa na Mahakama ya Rufani 1983 kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kazi za nyumbani ni mchango. Kiwango ndicho wanachogombania mpaka leo. Kwa hiyo tofauti ni kwamba wenzetu wanajadili mali wakiwa wamevaa suti, sisi tunajadili tukiwa na mawakili. Mimi kwa njaa zangu napendelea mfumo wetu.

Bujora

😂😂 Wakili mkweli wa kwanza humu.

Mtu wa Igoma

Jumamosi asubuhi, gusaba. Hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Nyumbani kwa wazazi wa binti ni Kabuga, ukingoni mwa jiji, ile njia tuliyoingilia. Sisi wa msafara wa bwana harusi tukavalishwa kule kule Kimironko: shati jeupe, suruali, halafu kitambaa kinafungwa begani kinaangukia upande mmoja, na fimbo mkononi. Kitambaa kinashikiliwa na pini moja tu. Changu kikawa kinateleza kila nikinyanyua mkono, mpaka mama mmoja mtu mzima akanisimamisha mlangoni, akachomoa pini, akaishika kwa meno, akakunja kitambaa mara mbili, akaichoma upya na kunipiga kofi la bega. Hakusema neno. Hakikuteleza tena. Wanawake wenyewe wamevaa mishanana, yale mavazi yao ya sherehe, ya rangi moja, na wale waliozaa wana ule utepe mweupe wa bua la mtama kichwani.

Pale nyumbani ni mahema mawili yanatazamana, katikati kuna nyasi. Wao wamekaa, sisi tunaingia kwa mstari. Kila upande una msemaji wake, mtu mzima mwenye kipaza sauti. Binti haonekani. Bwana harusi mwenyewe haonekani. Wanaoonekana ni wazee wawili, na kwa muda mrefu sana harusi ni wao wawili tu.

Binamu alikuwa ananitafsiria sikioni. Msemaji wao anaanza kwa mshangao: wageni, karibuni, mmepotea njia? Wa kwetu anasema jua ni kali, tumeona kivuli kizuri. Basi kaeni kivulini mkipoa mwende. Wa kwetu anasema kivuli hiki kina jambo, tumesikia habari zake. Habari gani? Na hivyo hivyo, hakuna anayetaja binti. Mara wao wakafungua kesi: ninyi, ukoo wenu, mlishakuja hapa mkachukua msichana wetu mwingine, na tangu mmechukua hamjarudi hata kusalimia. Hema letu likanyamaza. Mzee wetu akaenda hatua mbili mbele, akaegemea fimbo, akasema: ni kweli, na yeye ndiye aliyetutuma. Kila siku anatwambia alikotoka bado wapo wengine wa kulea nyumba kama yeye. Tumekuja kuhakikisha kama anasema kweli.

Vigelegele. Hata kwenye hema lao wanapiga.

Mimi nimekaa kwenye kamati za harusi Mwanza mpaka nimechoka. Sijawahi kuona watu mia kadhaa wamekaa kimya, hakuna muziki, hakuna chakula, simu mfukoni, wanasikiliza wazee wawili wakishindana kusema. Na siyo kimya cha kanisani, watu wanacheka, wananong'onezana, wanapima: hiyo kajibu, hiyo kashindwa. Ndani ya hilo hema mzee hodari wa maneno ni zaidi ya MC wetu yeyote tunayemlipa milioni.

Halafu likatufikia sisi. Mzee wetu akatuonyesha kwa fimbo: hawa wanne wamevuka Kagera kwa ajili ya shughuli hii, mtu anayefuatwa kutoka Tanzania si mtu mdogo. Yule msemaji wao akatugeukia na Kiswahili safi kabisa, maana Kiswahili ni lugha rasmi kule tangu 2017 na wazee wengine walikijua hata kabla:

"Ninyi Watanzania, kwenu mkitaka binti mnatoa nini?"

Tukaangaliana. Mmoja wetu ni Msukuma wa Magu, mrefu, mkimya. Akasimama, kitambaa begani, fimbo mkononi, akajibu: "Ng'ombe."

Wakuu, lile hema lililipuka. Mzee akasubiri watu watulie, akamuuliza: "Wangapi?"

Jamaa akasema: "Inategemea nani anauliza."

Basi hapo tukawa ndugu. Nitarudi.

Bujora

Msukuma wetu hajatuangusha!! Mungu ambariki. Huyo ni mjumbe wa taifa.

Ngara Kwetu

Hapo nimecheka peke yangu kwenye daladala. Kagera ni mpaka wa ramani tu, ng'ombe hauheshimu.

Shangazi wa Nyegezi

Kwa hiyo binti yuko wapi muda wote huo? Anasikia?

Mtu wa Igoma

Shangazi, yuko ndani ya nyumba, anasikia kila kitu. Hatoki mpaka ng'ombe wakubaliwe. Wakishaelewana wao wanatuma watu "wakakague ng'ombe", wanaenda nyuma ya ukuta, na wanarudi vijana waliovalia kichungaji, fimbo begani, wanakuja wanatamba kwa zile tenzi za kusifia ng'ombe: pembe zake, mwendo wake, ukoo wake. Maneno yanatoka mfululizo hakuna pumzi. Siku ile ng'ombe wa kweli hawakuletwa uani, lakini kwa namna yule kijana alivyowasifu ningeapa niliwaona. Yakapita maziwa kwenye kile chombo cha mti chenye mfuniko wa kusukwa, wazee wakanywa.

Ndipo akatoka. Wasichana wenzake mbele wamebeba vile vikapu vyenye vifuniko virefu, wanacheza polepole mikono juu, yeye katikati. Bwana harusi naye akaingia na wapambe wake. Nikamwona mshikaji wangu, yule aliyekuwa anakopa sabuni hosteli, amesimama na fimbo kama chifu. Machozi kidogo yalitaka kunitoka, nisiwadanganye.

Wakili wa Mtaani

Swali dogo mkuu. Huyo msemaji wenu ni babu yake bwana harusi?

Mtu wa Igoma

Hapana. Ni mwalimu mstaafu, jirani yao, anasemea familia nyingi pale mtaani. Upande wa baba wa jamaa hakuna babu wala baba wadogo. 1994. Siku ile hakuna aliyelitaja, na mimi chumba kimoja miaka yote ile sikuwahi kuuliza.

Wakili wa Mtaani

Nimeelewa. Asante.

Mbongo Kimironko

Wakuu, mimi Mtanzania ninayeishi hapa Kigali, niongezee machache kwa watakaoalikwa.

Kwanza, Julai na Agosti ndiyo msimu wenyewe, kiangazi, kila Jumamosi kuna harusi mtaani. Gusaba asubuhi, kanisa mchana, sherehe jioni, siku hiyo hiyo moja. Vaa viatu unavyoviamini.

Pili, mkipanga safari msiweke Jumamosi ya mwisho wa mwezi bila kuuliza. Hiyo ni ya Umuganda, kazi za jamii, saa mbili mpaka saa tano asubuhi barabara zinakuwa nyeupe na utasimamishwa. Harusi zipo lakini zinaanza baadaye. Na wiki ya kumbukumbu inayoanza tarehe 7 Aprili hakuna harusi wala muziki, usimsumbue mtu na habari za sherehe.

Tatu, pikipiki: kofia kwa abiria ni lazima na abiria ni mmoja. Mshikaki hapa sahau.

Kijana wa Buza

Sasa mtoa uzi kwenye kichwa cha habari ameandika soda moja. Hiyo soda iko wapi?

Mtu wa Igoma

Inakuja. Kanisani ilikuwa Remera, misa ya kawaida, ndoa kadhaa kwa pamoja, sina la kuongeza isipokuwa kwaya ni moto.

Sherehe jioni. Tumeingia ukumbini, umepambwa vizuri, ngoma za intore, wale wachezaji wa asili wa kule, zinarindima. Mimi kichwani nina ratiba ya kwetu: utambulisho, keki, shampeni, halafu MC anasema meza namba moja wapande. Nikaangaza macho kutafuta yale masufuria yenye mishumaa chini. Hayapo. Nikaangalia mlango wa nyuma. Hakuna mtu anabeba kitu. Viti vimepangwa kwa safu kama mkutano, meza chache za mbele.

Akapita kijana na kreti. Nikapewa Fanta Citron, baridi, na kifungulio kinazunguka. Baadaye kipande cha keki kwenye karatasi laini. Kwa sisi wageni wa kawaida hayo ndiyo yalikuwa yote. Yule Msukuma akaninong'oneza: "Hii ni ya kufungulia au ndiyo yenyewe?" Nikamwambia inywe polepole.

Kijana wa Buza

HAPANA. Nimetoka Dar na suti, nimetoa mchango, nile soda? Mimi ningeondoka na kreti.

Konda Mstaafu

Kwetu kadi ya dabo ni laki na ushee na mtu anahesabu nyama kwenye sahani yake. Harusi ya soda moja wajumbe wa kamati wangehama mji.

Shangazi wa Nyegezi

Lakini fikirini. Mimi nimekuwa mweka hazina wa kamati. Tunakimbizana na watu miezi mitatu, tunawatumia ujumbe kama wadaiwa wa benki, hela yote inaingia kwenye chakula na ukumbi, na maharusi wanaanza maisha na deni la mapambo. Nani anakumbuka wali aliokula harusi ya mwaka juzi?

Konda Mstaafu

Mimi nakumbuka. Ulikuwa mbichi.

Mbongo Kimironko

Msichukulie ni wote. Siku hizi hapa mjini familia nyingi zinaweka bafe, inategemea uwezo na wenyewe wanavyotaka. Ila hata isipokuwepo hakuna anayenuna, watu wanakula nyumbani kabla. Na michango ipo pia, marafiki wanachangia sana tu. Ukiwa wa karibu utaalikwa nyumbani usiku, huko ndiko chungu kilipo.

Mtu wa Igoma

Kweli kabisa @Mbongo Kimironko. Saa tatu usiku ukumbi umeshafungwa, hakuna habari za muziki mpaka majogoo, na tukapelekwa kwa mjomba wake upande wa mama. Huko ndizi, isombe (kisamvu chao), maharage, nyama ya mbuzi, kila kitu, na kile chungu cha pombe ya mtama chenye mirija mirefu, wazee wamekizunguka.

Ila @Kijana wa Buza nikwambie ukweli. Njaa nilikuwa nayo, lakini ile sherehe haikupwaya. Muda ambao sisi tungekuwa kwenye foleni ya bafe wao wanautumia kwa zawadi, na zawadi ni maneno tena. Kundi linasimama mbele, wa ofisini, wa kwaya, wa mtaani, mmoja anashika kipaza sauti anaeleza wanavyomfahamu mtu, halafu wanatangaza: tunawapa ng'ombe. Mara nyingi ng'ombe ni bahasha, kila mtu anajua. Lakini anatajwa ng'ombe, na ukumbi unashangilia ng'ombe.

Sisi tulikuwa na vitenge na bahasha yetu. Tukasimama wanne. Nimesema yangu kidogo kuhusu hosteli, watu wakacheka. Nikampa kipaza sauti Msukuma, nikijua atasema asante akae. Akasema, kwa ile sauti yake ya taratibu: "Mimi nampa rafiki yangu mtamba. Jina lake Ngosha. Yuko Magu kwa baba yangu, hajambo. Njoo umchukue."

Mkalimani akasita. Akamuuliza kwa chini, ni ng'ombe wa kweli? Jamaa akatoa simu, akaonyesha picha.

Bujora

Mtamba anaitwa Ngosha?? Ngosha ni dume bwana! 😂😂 Ila heshima yake.

Mtu wa Igoma

Nimemuuliza hilo hilo garini. Kasema mtoto wa dada yake ndiye aliyempa jina, na ng'ombe mwenyewe hajalalamika.

Jumapili tumekunywa chai ya maziwa na maandazi Nyamirambo, kule Kiswahili unaongea dukani bila kujieleza, burusheti (mishikaki) za mbuzi saa tatu asubuhi zimeshaanza. Kurudi tulisimama kidogo Nyakarambi kabla ya Rusumo, wanauza zile picha za imigongo zinazotengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Mpakani hakuna foleni. Mwanza tumeingia usiku wa manane.

Gharama kwa kila kichwa, mafuta, bima ya gari, chakula na kukodi mavazi, haikufika laki mbili, kwa sababu tulilala bure. Zawadi siyo humo.

Kijana wa Buza

Na ng'ombe siyo humo.

Shangazi wa Nyegezi

Mimi nataka mwisho wa ng'ombe. Atakuja kumchukua kweli?

Mtu wa Igoma

Mshikaji amepiga simu juzi, yeye na mkewe wanakuja Desemba, Magu kwanza halafu ndiyo Mwanza mjini. Mzee wa Magu ameshaambiwa, anapaka rangi nyumba.

Ngara Kwetu

Wajue kwamba kumvusha ng'ombe siyo kama kumvusha bwana harusi. Kuna daktari wa mifugo, chanjo, kibali cha kusafirisha, kibali cha kule wanakoingia. Pale Rusumo wataulizwa Ngosha ana karatasi gani, na akiitwa dume na karatasi inasema jike, hamtoki.

Wakili wa Mtaani

Na mali ile ilipokelewa baada ya kutamka kuchanganya kila kitu, kwa hiyo nusu ya Ngosha ni ya mke. Asiuzwe bila saini mbili.

Mtu wa Igoma

Msukuma anasema hauzwi na havuki. Anabaki zizini Magu na jina la mwenyewe, akizaa wanapigiwa simu. Kapandishwa mwezi uliopita.